Jibu la Baba kwa Msajili

Mwaka 1998, kuanzia Mei mpaka Julai, mimi Hellena binti Isdori nilikuwa nimeomba kuhama chuo kikuu, na kwa muda huo sikuwa mwanafunzi wa chuo chochote. Chuo cha pwani kilikuwa kimeshaniachia. Chuo kipya cha nyanda za juu, chenye umri wa miaka miwili, kilikuwa bado kinanifikiria. Utaratibu ulikuwa hivyo: hukubaliwi kuomba kwa wenzao mpaka upewe barua ya kuachiwa, na ukishaachiwa hurudi, kwa sababu kitanda chako kimeshapata mtu. Nafasi ya nyanda za juu ikikosekana, ningebaki Katandala, mtaa wetu wa Sumbawanga, na mwaka mmoja wa masomo usio na mwenyewe.

Nilihama kwa ajili ya malaria. Niliugua mara nne kwa mwaka mmoja. Sisi wa Sumbawanga tumezoea baridi ya kulala na mablanketi mawili na soksi; joto la pwani na mbu wake vilinipokea kama mgeni rasmi. Daktari wa chuo aliandika kwamba nisome mahali penye hewa ya kwetu, la sivyo cheti nitakachopewa mwakani hakitakuwa cha masomo. Nilimshukuru, maana wengine walikuwa wananiambia nijikaze.

Barua za mtaa wetu zilipitia sanduku la posta la parokia, na ufunguo alikuwa nao katekista Zenon. Alikwenda posta Jumanne na Ijumaa. Alikuwa na kanuni moja ambayo hata paroko hakuigusa: barua ya mtoto hapewi mtoto, anapewa baba mwenye nyumba. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila Jumanne na Ijumaa nilimsubiri kwenye geti la kanisa.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Hakuna."

Kufika Juni alianza kujibu "Hakuna" kwanza, "Marahaba" baadaye. Mwanzoni mwa Julai aliniona kwa mbali akapita mlango wa sakristia. Mama, anayeitwa Bertilla na asiyependa watu wa kanisa wasumbuliwe, akaniambia niende kijijini Mwimbi nikamsaidie bibi kuvuna ulezi, walau katekista apumue.

Nilikaa Mwimbi wiki tatu. Ulezi unakatwa suke moja moja kwa kisu kidogo, na kila suke lilinipa nafasi ya kuwaza barua. Bibi aliniuliza chuo ni nini hasa mpaka mtu akihame. Nilimweleza. Akasema yeye alihama kijiji mara moja, mwaka wa operesheni ya vijiji vya ujamaa, na hakuna aliyemtaka aandike chochote.

Nilirudi Katandala Jumamosi mchana nikiwa na kapu la ulezi kichwani. Baba alikuwa ameketi barazani, amevaa koti lake la ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuja. Wamekukubali, mwaka wa pili."

Nilipiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Mama akatoka jikoni akapiga vigelegele, ingawa yeye alikuwa ameshapiga vya kwake siku barua ilipofika. Nilimkumbatia, nikacheza na kapu bado liko kichwani. Furaha ile ilidumu kama dakika mbili, na nakumbuka zote mbili.

"Na usiwe na wasiwasi wa majibu," baba akasema. "Nimeshawajibu."

Hapa lazima nieleze habari za baba. Alikuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka ishirini na miwili. Alipokea barua, akajibu barua, akaweka nakala. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao mpaka shambani, ushirika ukakosa mahindi ya kununua, halafu ukakosa makarani. Walipouza vitu vya ofisi, baba alinunua mashine ya kuchapa. Ilikaa mezani kwetu imefunikwa kitambaa cheupe, ikisubiri mtu wa kuandikiwa.

Na lazima nieleze nyumba yetu. Kwetu, mtu akikukaribisha chakula, unasema umeshiba. Anakukaribisha tena, unasema asihangaike. Akikukaribisha mara ya tatu, unanawa. Anayenawa mara ya kwanza amelelewa na mbwa. Mara moja tu tulipata mgeni wa namna hiyo: Masunga, Msukuma aliyeuza ng'ombe zake akafungua kibanda cha simu na faksi karibu na stendi. Mama alimwambia karibu ugali, na yeye, bila neno, akavuta kigoda akala. Alikula vizuri sana. Baba aliizungumzia habari ile kwa mwezi mzima, kwa huruma.

Sasa baba alinipa faili. Juu ilikuwa barua ya chuo: nimekubaliwa, nithibitishe ndani ya siku ishirini na moja kama ninaichukua nafasi. Chini yake ilikuwa nakala ya jibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, na kwa Kiswahili ilikuwa inasema hivi:

"Ndugu Msajili, tumeipokea barua yako kwa furaha na heshima kubwa. Hata hivyo tusingependa kukupa usumbufu kwa ajili ya mtoto wetu mmoja, kwani tunaamini wapo watoto wengine wenye shida kumzidi. Tafadhali msihangaike kwa ajili yetu. Tunawatakia kazi njema."

Niliisoma mara mbili nimesimama, mara ya tatu nimekaa chini.

"Baba, umekataa."

"Nimekataa wapi? Soma vizuri. Nimeshukuru."

"Umewaambia wampe mwingine!"

"Hiyo ni adabu tu, mwanangu. Msajili ni mtu mzima, anaelewa. Watarudia kutuandikia, ndipo tutakubali. Tukidaka mara ya kwanza watatuonaje?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikimchukia baba, nikimchukia katekista, nikimchukia hata bibi na ulezi wake. Mama alinifuata na maji ya kunawa uso. Akaniambia ameisoma barua ile kabla haijaondoka na aliiona ni nzuri sana.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka baba kwa Masunga, nikitangulia mbele kwa hatua kumi. Masunga alitusalimia kwa furaha.

"Mzee Isdori! Ile faksi yako ilikwenda mara moja tu. Nyingine huwa zinakatika hata mara tano. Yako, paa, imefika!"

Nilimwangalia mpaka akarudi nyuma ya mashine yake. Akatupigia namba ya chuo. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Bi Jenifer wa ofisi ya msajili. Nilimtajia jina langu.

"Aa, Hellena wa Sumbawanga," akasema. "Barua ya mzee wako tunayo. Msajili aliisoma mbele ya kikao. Alisema mzazi wa namna hii hajamwona tangu chuo kifunguliwe."

"Na nafasi yangu, dada?"

"Tulifanya kama alivyoshauri. Tumempa mwenzako mwenye shida zaidi."

Nilimweleza yote, haraka, kuhusu malaria, barua ya kuachiwa na adabu za kwetu. Bi Jenifer alisikiliza, kisha akasema kuna orodha ya akiba, tayari ina watu wawili. Waliopewa nafasi wasiporipoti kufikia tarehe kumi na mbili Oktoba, ataangaliwa anayefuata. Na akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba chuo hakina kawaida ya kuandika mara mbili.

Baba alikuwa amesimama karibu, anasikia kila neno, maana simu ya Masunga ilikuwa na sauti kubwa kuliko kibanda. Aliponiomba mkono wa simu nilidhani anataka kumpa Bi Jenifer pole ya kazi. Alimsalimia kweli, akamuuliza hali ya mvua huko. Masunga akaangalia saa yake ya kuhesabia dakika, kisha akaangalia nje.

"Mama," baba akasema, na nikaona jasho linamtoka asubuhi ile ya baridi, "naomba. Tunaitaka hiyo nafasi. Tuliitaka tangu mwanzo. Mwandike mwanangu."

"Nimemwandika, mzee. Ni wa tatu."

Niseme mapema yaliyotokea, ili msinihurumie bila mpangilio. Wale wawili waliokuwa mbele yangu waliitwa wote Oktoba, wakaripoti wote, wazima wa afya. Nilifundisha shule ya msingi Mwimbi kwa mwaka mzima, nikaomba upya, nikakubaliwa, nikathibitisha siku ileile niliyopata barua. Nilimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu na bado linaniuma, sitadanganya. Lakini ninapokumbuka kungoja kule, kinachonijia ni njia ya kurudi nyumbani siku ile.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Tangu Jumamosi nilikuwa nayapanga, na mengine mtoto wa Kikristo hamwambii mzazi wake. Tulipita sokoni, tukapita duka la vipuri vya baiskeli. Tulipoanza kupandisha kuelekea Katandala akasimama.

"Hellena. Ushirika ulipokuwa unafungwa, yule mfilisi aliyetoka mkoani alituita mmoja mmoja. Alisema wanunuzi wapya wanahitaji karani mmoja anayejua barua. Akaniuliza kama ningependa kubaki."

Hilo sikuwahi kulisikia, na nadhani hata mama hakuwahi.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia wapo wenzangu wenye watoto wadogo kuliko mimi."

"Na wewe ulitaka kubaki, baba?"

"Mwanangu, nilitaka sana." Alitoa kitambaa akajifuta shingo, akakikunja vizuri kabla ya kukirudisha mfukoni. "Nilimngoja arudie kuniuliza. Hii ni miaka minne. Gari likisimama pale barabarani huwa natoka kuangalia." Kisha akaniuliza taratibu, kama mwanafunzi anayeogopa mwalimu: "Unadhani alikuwa ananiuliza kweli?"

Maneno yangu yote ya tangu Jumamosi niliyaacha palepale barabarani. Nilimpenda baba yangu wakati ule, na sikujua la kufanya na mikono yangu.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Alikuwa anakuuliza kweli."

Alitikisa kichwa, akatazama kilima, akaanza kutembea tena.

"Basi alikuwa mtu mwema yule," akasema. "Na mimi miaka yote hii namwona hana adabu."