Majina Aliyoyaita Steve

"Ulisikia! Sema mbele ya hawa watu wote kama hukusikia!"

"Nilikuwa nasukuma chapati, Mama Steve. Jiko linanguruma, redio inaimba. Nisikie nini miye?"

"Bongo! Uko nasema bongo tu, uongo mtupu! Redio yako iliharibika tangu Pasaka. Steve ndiye alikuahidi kuitengeneza!"

Watu wa ghorofa ya tatu walicheka, kisha wakakumbuka ni siku ya nne ya matanga ya Steve, wakanyamaza. Wengine walijifanya wanapanga viti. Hakuna aliyeondoka. Jengo lile la Yeoville, Johannesburg, halina lifti wala maji ya uhakika, lakini mtu akipiga kelele jikoni, chini getini wanajua hata rangi ya sufuria.

Clémentine, mama yake Steve, alikuwa amemkamata Sumaiya ukosi wa dera, karibu na dirisha la jiko la pamoja linalotazama barabarani. Chapati iliungua nyuma yao. Kifuani Clémentine alivaa fulana nyeupe yenye picha ya mwanawe akicheka na mashine ya kunyolea mkononi, na chini yake maandishi: MWITE JINA LAKE, MKONO UTASHUKA. Maneno hayo yalichaguliwa na Papa Gustave, mwenyekiti wa Wakongo wa pale. Watu thelathini walikuwa wamevaa fulana hiyo, hata wale ambao Steve hakuwahi kuwanyoa.

Yalikuwa maneno ya Steve kweli. Steve, miaka kumi na tisa, alinyoa watu chini ya hema pembeni ya barabara, chini ya dirisha lile, na hakugusa kichwa kabla hajaambiwa jina la mwenyewe. Jina lako, la mama yako, unakaa wapi. Wateja wa haraka walimtukana. Alicheka. "Eish, mama," alimwambia Clémentine, "hapa Joburg wanampiga *mgeni*. Steve hawezi kupigwa na mtu anayejua Steve ni nani, na Steve anajua yeye ni nani." Mwaka jana kijana mmoja alimwekea kisu shingoni akitaka simu. Steve akamwita jina, akamuuliza hali ya bibi yake. Kisu kilishuka. Jengo zima lilisimulia. Wanawake walianza kuwafundisha watoto wao: mjue jina, umwite.

"Polisi wanafunga faili leo," Clémentine alisema. Sauti ilikuwa imeshuka, mkono haukuwa umeachia ukosi. "Wataandika *ameuawa na watu wasiojulikana*. Mwana yangu alimjua kila mtu wa barabara hii. Afe kwa watu wasiojulikana?"

"Niachie, mama wee."

"Dirisha ni lako, unapikia hapo kila siku. Ulikuwa hapa."

"Sikuona!"

Clémentine alimpiga kofi. Akampiga la pili kwa kiganja kilichojaa, mdomo wa Sumaiya ukagonga chuma cha dirisha, na damu ikachuruzika hadi kwenye unga. Héritière, msusi wa chumba cha mwisho, alipiga ukelele. Papa Gustave akajipenyeza katikati yao. "Mama Steve! Hii ni matanga, si soko!"

Sumaiya alipangusa mdomo, akautazama mkono wake. Alipozungumza, hakumtazama mtu.

"Unataka kusikia? Basi sikia. Walikuwa watano, wamevaa kofia za sufu za kufunika uso. Saa nane mchana, jua linawaka. Vinyozi wengine wakakimbia. Mwanao hakukimbia. Walimchapa kiboko cha ngozi miguuni, wakalibomoa hema, akabaki kainama anakusanya mashine zake. Mmoja akainua bomba la chuma. Steve akamtazama viatu, akasema: 'Lwazi? Lwazi, ni mimi. Nilikunyoa Ijumaa.'"

Lwazi walimjua wote. Baba yake, Bwana Ndaba, ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwenye kauli juu ya nani afungue meza pembeni ya barabara na nani afungashe.

"Mkono ukashuka," Sumaiya aliendelea. "Wallahi ulishuka, Mama Steve. Nikasema, kapona huyu. Na yeye akafurahi, masikini, akageuka kwa wengine, akawaita. Vusi. Mthokozisi. Kama anasalimia harusini. Hapo yule mfupi akasema, 'Anatujua.' Basi. Mpaka hapo walikuwa wanampiga tu. Baada ya hapo ndipo walipoanza kumuua. Na wakamlazimisha Lwazi aanze yeye. Pigo la kwanza lilimng'oa meno. La pili lilipata sikio. Bado anaita, lakini majina hayatoki tena, inatoka damu."

Alimgeukia Clémentine. "Majina ndiyo yaliyomuua. Sasa unataka niyaseme na miye."

Clémentine alikuwa ameshika meza. Héritière akazima jiko chini ya chapati iliyogeuka mkaa.

"Umeshayasema," Clémentine alisema. "Watu thelathini wamesikia. Ukibaki hapa utakufa kimya. Twende polisi ukaandikishe."

Papa Gustave alikohoa. "Mama, tungekaa kwanza kama wazee..."

"Wewe kaa."

Walikwenda kwa miguu. Kituoni walipanga foleni nusu saa nyuma ya mwanamke aliyeibiwa pochi. Afisa wa kaunta alikuwa mpole. Aliwavutia viti, akatoa karatasi mpya, akamuuliza Sumaiya jina lake kamili. Akaliandika kwa mwandiko wa mwalimu. Jengo gani? Akaandika. Ghorofa? Chumba? Mia tatu kumi na nne. Akaandika. Kibali?

Sumaiya alimpa karatasi ya ukimbizi iliyokwisha muda. Afisa aliikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka upande wake wa kaunta.

"Haya. Uliona nini?"

Sumaiya alieleza kwa Kiingereza chake cha sokoni. Viboko. Hema. Alipofika kwa bomba, akamtaja Lwazi, mtoto wa Ndaba, kalamu ililala juu ya karatasi.

"Andika," Clémentine alisema.

"Walifunika nyuso, mama. Amesema mwenyewe."

"Mwana yangu aliwaita majina! Andika! Lwazi. Vusi. Mthokozisi!" Aligonga kaunta kila jina, kwa ngumi, mpaka ngozi ya vifundo vya vidole ikapasuka.

"Marehemu hawezi kuwa shahidi wa kifo chake." Alisimama na karatasi ya maelezo na kile kibali. "Nimeandika kinachotosha. Ngojeni."

Aliingia chumba cha nyuma. Kupitia mlango walimwona akipiga simu, akisoma kitu polepole, akirudia, kama anayemsomea mtu anayeandika upande wa pili. Aliporudi alimrudishia Sumaiya kibali, akatabasamu. Faili, alisema, litabaki lilivyo.

Walirudi kwa miguu. Kwenye robot ya mwisho, zile taa za kuongozea magari, Sumaiya alitaka kugeuka, aende kwa Watanzania wenzake huko mjini, lakini wanawe wawili walikuwa juu, kwa Héritière.

Kwenye ngazi waliipata harufu ya majani ya sombe na samaki wa chumvi wa makayabo. Ghorofa ya tatu watu walikuwa wameketi sawasawa, sahani magotini, Steve akicheka vifuani mwao. Magunia matatu ya unga yaliegemezwa ukutani, mapya. Kwenye kiti walichomwekea mchungaji alikaa Bwana Ndaba, na Lwazi amesimama nyuma yake, macho kwenye sakafu. Papa Gustave alikuwa anamnawisha mzee mikono. Aliwaona wanawake, akasahau jagi mkononi. Maji yakamwagika kwenye viatu vya mgeni.

"Baba amekuja kutupa pole," Papa Gustave alisema haraka. "Ameleta na unga."

Bwana Ndaba alijifuta vidole kimoja kimoja. Alimwinamishia Clémentine kichwa kwa heshima. Kisha akavuta kiti kilichokuwa wazi kando yake, akakipigapiga.

"Dada Sumaiya wa mia tatu kumi na nne," alisema kwa Kiingereza cha polepole, ili kila mtu aelewe. "Umetembea mbali leo. Ingia, ukae hapa. Ule."