Inchi Mbili Juu ya Jirani

Fundi Zege hakuwa mtu wa majivuno, ila ukimpa nafasi ya kusema, ujue umejipa kazi ya kusikiliza. Kutoka nyumbani kwake hadi zahanati kuna mageti kumi na moja, mbele ya kila geti pana mteremko wa zege wa kupandishia gari, na yote kumi na moja ni kazi ya mkono wake. Halmashauri ilikuwa imejenga njia ya waenda kwa miguu, tambarare, safi kabisa. Yeye akaikatakata. Kila mteja alikuja na ombi lilelile: "Fundi, wangu uuzidi wa jirani inchi mbili." Naye, mtu wa watu, angemkatalia nani? Kufika geti la mwisho, zege lilikuwa linamfika mtu magotini. Wenye magari walipanda na kushuka kwa raha zao. Wenye miguu shauri yao. Nani aliwatuma kuwa na miguu?

Basi mkewe akapatwa na kiharusi, mguu wa kushoto ukagoma. Binti wa mazoezi pale zahanati hakuzunguka: "Mama, miezi mitatu hii ndiyo ya mguu wako. Njoo kila asubuhi, na uje kwa kutembea. Ukizoea kubebwa, hautarudi."

Mita mia tatu tu! Fundi akashusha pumzi. Asubuhi yake akamshika mkewe mkono, wakatoka. Geti la kwanza wakapita, la pili wakapita kwa jasho. Geti la tatu, kwa mwalimu mstaafu, mguu ukagota kwenye zege. Mama akajaribu tena, ukagota. Wakashuka barabarani, na hapohapo gari likawapigia honi, dereva akatoa kichwa: "Mama, hapa si njia ya miguu!"

Wakarudi nyumbani. Mkewe akaketi, akamwuliza taratibu, "Baba watoto, ule mteremko kajenga nani?"

"Mimi."

"Hongera. Umeshika kweli."

Fundi akachukua nyundo na tindo, akaenda kuomba ruhusa ya kuvunja. Pole alizopewa zingejaza pipa. "Mkeo ni dada yangu kabisa," mwalimu alisema, mkono kifuani. "Uungwana ni vitendo, Fundi. Anza na wa geti la nne, maana ndiye aliyenizidi." Wa geti la nne akasema atangulie mwalimu, mwenye elimu yake. Wa tano alimwombea mgonjwa dua ndefu huku gari linanguruma. Wiki mbili zikaenda hivyo, mama kakaa dirishani anaukanda mguu kwa mikono yake mwenyewe.

Siku Fundi alipochoka, akapiga nyundo moja kwa mwalimu bila ruhusa. Moja tu! Afisa wa halmashauri, ambaye miaka ishirini hakuona mteremko hata mmoja, macho yakamfunguka siku hiyohiyo. "Unaharibu njia ya waenda kwa miguu," alimwambia, na akaliandika kosa hilo.

Kesho yake mama akasema, "Nipeleke kwa mwalimu."

Akafika, akaketi juu ya mteremko, fimbo magotini. Geti likafunguliwa, gari la mwalimu likatokeza pua. Honi. Mama hakugeuka.

"Mama, nina kikao saa tatu!"

"Na mimi nina mguu, nao una tarehe yake," akajibu. "Mimi siwezi kupanda, wewe huwezi kushuka. Tungoje wote."

Mwalimu alipiga honi mpaka watu wakatoka na vikombe vyao vya chai kuja kutazama. Akaomba, akafoka, akataja umri wake. Jua likapanda. Ilipofika saa nne akashuka garini, shati limemganda mgongoni.

"Haya, Fundi, vunja," akasema, kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka.

Fundi akavunja, akausogeza mteremko ndani ya geti, mahali ulipopaswa kuwa tangu siku ya kwanza. Lakini loo, kazi yenyewe! Alikuwa ameweka nondo na saruji ya kutosha, mjinga yule. Laiti angeiba kama mafundi wenzake, zege lingevunjika kwa teke. Geti moja lilimmalizia siku nzima. Keshoye mama akaketi kwa wa nne, keshokutwa kwa wa tano, akasonga hivyo geti kwa geti, mpaka siku ya tisa akaingia zahanati kwa miguu yake.

Binti wa mazoezi akampima goti, akakunja, akakunjua.

"Utatembea, mama. Lakini fimbo hutaiacha tena. Zile wiki tatu zimekula mguu."

Fundi akalia. Akalia kwa kwikwi mbele ya wagonjwa, kofia usoni. "Ni mimi, mama watoto. Huu mguu nimeuua mimi, kwa mikono yangu hii."

Mkewe hakumpoza.

"Ndiyo, ni wewe," akasema. "Haya, futa kamasi unishike mkono. Utalia tukiwa njiani, maana sasa naenda polepole."