Mkono wa Tatu Ndani ya Ngama

"Na mkono wa Shee sasa utatiwa na nani?"

Jirani yangu Barke aliniuliza hivyo siku nilipotoka eda, nami nikacheka. Siku niliyoitwa banda la mafundi, nililikumbuka swali lile, wala sikucheka.

Shirika letu la vyombo hapa Kismayu lina washirika watatu: Mzee Mahmudi, ndiye mwenyekiti, Sharif Ishaq, na marehemu mume wangu Shee, ambaye fungu lake nalishika mimi. Gharibu si mshirika, tumemwajiri asimamie kazi. Sharti la shirika ni moja tangu mwanzo. Chombo hakishuki majini mpaka kila mshirika atie mkono wake mwenyewe ndani ya ngama, tumboni kabisa mwa chombo, kisha wote wainue mikono wasome Fatiha. Akikosa mmoja, Fatiha haisomwi, wala hapandi baharia.

Chombo kilikuwa kikuukuu, kimetengenezwa upya. Kesho yake kingepeleka watu kisiwani Koyama, na mwanangu Kaltuma, mja mzito, yumo miongoni mwao.

Mzee Mahmudi alitia mkono, akautoa upesi. Sharif Ishaq akatia, akaufuta kwenye kikoi bila kunitazama.

"Mama Kaltuma, usijichafue," akasema Gharibu. "Inua mikono tu tumalize. Residente ameshaambiwa chombo ki tayari."

Residente ndiye Mtaliano anayetawala mji, na hapana asiyemwogopa. Kwa amri yake mdogo wake Sharif alichukuliwa kupelekwa mashamba ya Mtaliano huko Juba, mpaka leo hajarudi. Nikasema Bismillahi, nikapanda, nikainama.

Vidole vilizama. Ilikuwa deheni, yale mafuta na chokaa tunayopaka chombo kwa nje, imejazwa ndani kuziba ubao uliooza.

"Gharibu, hapa pana nini?"

"Pana mbao."

"Mbao gani laini kama bokoboko?"

Mabaharia waliokuwa mlangoni wakacheka. Gharibu hakucheka.

"Mtu mke na vyombo, wapi na wapi!" akasema kwa sauti. Kisha akanisogelea, akanong'ona: "Kaltuma na asafiri wiki ijayo, chombo kingine. Nafasi nitamtafutia mimi. Wewe soma Fatiha."

Kumbe anajua kuwa chombo ni kibovu. Na wallahi, nilitaka kukubali. Lakini pale nje Mwanalima wa Koyama alikuwa ameshaketi juu ya mizigo yake, kuku kapakata, wanawe wamemlalia miguuni, akingoja nafasi ya kesho.

Mzee Mahmudi aliinua mikono. Sharif akainua. Wakaningoja. Yangu niliificha chini ya ushungi.

"Mzee," nikasema, "wewe ndiwe mwenyekiti wetu. Umegusa nini?"

"Mwanangu, Residente..."

"Residente simuulizi. Mkono wako umegusa nini?"

Akautazama mkono wake. Chokaa ilikuwa ingali kuchani.

"Deheni," akasema, kwa sauti ya mgonjwa. Akaishusha mikono. Sharif naye akaishusha yake.

Gharibu alitutazama mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho, akanitazama sana, mpaka nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu moyoni. Kisha akachukua tarbushi yake, akapita katikati ya mabaharia, akashika njia ya kwa Residente.