Miguu ya Mwantum

Tajudini alikuwa akichomelea mlango wa Caritas, jirani yake wa mtaa wa Buterere, mkewe Mwantum, ambaye majirani walimwita Mama Hayat, alipotoka uani kuanika vitenge. Kabla hajaifikia kamba, miguu yake ikaanza kusema.

"Tumechoka," ilisema, ikasikika mpaka barabarani. "Moyo, leta pumzi."

"Leo imeamka mapema," Caritas alisema, akamsaidia kuanika.

Moyo wa Mwantum ulikuwa umevimba tangu vita vianze, na mwenye moyo wa namna hiyo miguu yake husema akitembea. Daktari Hyacinthe wa mjini aliwahi kumvalisha barakoa ya oksijeni, akamtembeza. Miguu ikanyamaza, pumzi ikatulia.

"Oksijeni inatuliza tu miguu," daktari alisema. "Moyo haiuponyi."

Kisha nchi ikafungiwa mipaka, chupa za oksijeni za hospitali zikaisha.

Tajudini alikuwa na chupa moja ya oksijeni, ya kuchomelea vyuma. Risasi zikilia upande wa mtaa wa Mutakura, mtaa mzima ulikimbilia mashamba ya mpunga ukalala kimya majini, naye alisukuma chupa kwa toroli, mpira ukiwa puani mwa Mwantum aliyetembea kando. Wenye bunduki walipita bila kuwasikia.

Lakini milango ilikuwa ikivunjwa kila siku, na Tajudini, jamani, kukataa hajui. Akamchomelea huyu, akamchomelea yule. Mlango wa Caritas ndio uliomaliza chupa.

Asubuhi hiyohiyo risasi zikalia. Caritas akamjia, macho chini.

"Tajudini, we ni mutu yetu. Lakini Mama Hayat abaki. Ile miguu itatuuwisha wote."

Hasira ilimpanda Tajudini, maana mlango aliomchomelea ulikuwa bado wa moto. Akambeba Mwantum mgongoni. Miguu isiyotembea haisemi, kila mtu alilijua hilo, wakawapisha.

Katikati ya mpunga, tope likiwa magotini, miguu ya Tajudini ikaanza kusema.

"Tumechoka," ilisema.

Hakuna aliyewatukana. Majirani walijisogeza tu, mmoja mmoja, Caritas wa mwisho, mpaka wakabaki wawili.

"Nishushe, Baba Hayat. We fuata wenzako."

"Apana."

Akaketi majini, akampakata. Miguu iliyochoka hainyamazi papo hapo ikipumzishwa. Aliikandamiza kwa mikono yote miwili, akiisihi kwa kunong'ona, Mwantum naye akisaidia kuisihi. Ilikuwa bado inalalamika mabuti yalipoanza kukanyaga maji.