Chini ya Miti ya Kapinga

Sikualikwa siku ile. Lakini popote karatasi inapotafuta sahihi upande huu wa Kolwezi, mimi hufika. Nilikuwa mtoto tulipopakiwa kwenye lori ili shimo la shaba lipanuliwe, na makaburi yetu yakabaki chini ya kifusi. Sijasahau, wala sitaki kusahau.

Mama Kapinga ana msitu kwenye barabara ya Dilolo, aliouachiwa na marehemu mumewe. Kandokando yake ni visiki vitupu; miti ilishageuzwa makaa ikaenda mjini. Josias, kaka wa Mama Kapinga, anataka na huo ukatwe. Sasa kampuni ilikuwa imemtuma Benoît, kijana mwenye adabu, na mkataba: asikate miaka thelathini, miti ivute moshi wa viwanda vya ng'ambo na kuuhifadhi ndani ya mbao. Viwanda vitamlipa.

"Kumbe bao ba ng'ambo banachafua kwabo, sisi njo tunafagia!" nikasema.

"Tata Mukuna, nyamaza kidogo," Kapinga akanijibu. "Unapiga makelele tangu wakati ya Zaire. Na miti ya kwenu iko wapi? Tulishapikia bukari yetu ya kila siku!"

Josias, aliyeketi pembeni, akacheka mpaka akakohoa.

Nje, kwenye lango la msitu, wanawake walikuwa wakingoja na mabeseni. Ulikuwa msimu wa finkubala, wale viwavi wa mitini, na hakuna anayeingia mpaka mwenye msitu achome na kula wa kwanza. Kwingine watu huangusha mti mzima kwa beseni moja. Kwa Kapinga, unapanda na kutikisa. Ukishika shoka, unafukuzwa.

"Benoît, mwanangu, bamama bataingia?" Kapinga akauliza.

"Kuokota iko sawa, mama. Kukata, non."

"Bon. Na kama banapata cobalt huku chini?"

"Chini ni ya État, ya serikali, mama. Sisi ni miti tu."

"Basi État inaleta bamashini, miti inaanguka. Nani anajibu kwa kampuni?"

Benoît akafunua kurasa, akazirudia. "Mwenye musitu, mama."

"Mimi?"

"Njo vile banaandika," akasema, akituonyesha kwa kidole kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Nikasimama. Nikawaambia kwamba wanamfunga mjane mikono na kuliacha tingatinga huru, kwamba tuliyaona mambo haya kabla Benoît hajazaliwa. Kapinga akausukuma mkataba polepole, kama mgonjwa anayerudisha chakula alichokitamani. Benoît akaaga.

Nikampa Kapinga mkono. "Mama, umefanya vizuri."

Hakuupokea. "Nimefanya nini? Josias anakuja kila mwaka, kila mwaka namwambia hapana. Nilitaka ile karatasi iseme hapana pa nafasi yangu. Nimechoka, tata. Kesho ataniuliza tena; utakuja tukatae pamoja?"

Kesho yake nilikuwa na mkutano mjini. Nilimwambia hivyo.

"Njo vile," akasema.

Akachoma kiwavi chake, akatafuna, akawafungulia wanawake. Wakaingia kwa vigelegele. Hatukukaa sana kabla shoka halijasikika, ndani kabisa, walikoelekea waokotaji. Wanawake waliobaki langoni wakageuka kumtazama Kapinga, maana hapo ndipo yeye huinuka na kufoka hadi koo limkauke.

Josias hakucheka tena. Alikuwa anasikiliza.

Shoka likapiga mara ya pili. Nikamngoja Mama Kapinga ainuke. Alikuwa akifuta majivu vidoleni, kidole kimoja kimoja, hakuinua hata kichwa.