Zipu ya Malkia

Watu hawakuja kumlilia malkia. Walikuja kuona zipu.

Fundi alilijua hilo tangu alipofika ukumbini Jumamosi ile, saa nane mchana, akakuta foleni imetoka nje mpaka barabarani. Filamu ilikuwa inatimiza miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekumbuka sawasawa kama malkia alisalitiwa na waziri au na mumewe mwenyewe. Kilichowakaa watu kichwani ni ile dakika ya mwisho. Malkia wa karne nne zilizopita anapiga magoti mbele ya mkata vichwa, kamera inamzunguka taratibu kwa nyuma, gauni la mahameli linaachia kidogo mgongoni, na hapo inaonekana zipu ya chuma, inang'aa bila haya, wakati hata taa ya umeme haijazaliwa.

Gauni lile lilitoka mikononi mwake na mwa dada yake. Baada ya filamu ile, mtaani wakamwita yeye Fundi Malkia, na bibi harusi yeyote aliyejiona ni mtu alitaka kushonewa na Fundi Malkia. Dada yake mkubwa, aliyemfundisha kushika sindano, walimwita Mama Zipu.

Walikaa safu ya pili, Dada katikati, binti yake upande wa kulia. Binti huyu alikuwa mwalimu mkuu sasa, mtu mzima na miwani yake, lakini akikaa karibu na mama yake utani ulimrudia wote.

"Mjomba, leo Mama anapigiwa makofi," akasema. "Shuleni walinicheka hadi nikahamishwa darasa, kumbe mimi mtoto wa mtu maarufu."

"Punguza maneno wewe," Dada akasema. "Tazama picha."

Fundi alijitia kutafuta miwani mfukoni, na miwani ilikuwa puani. Aibu hii haikuwa ngeni kwake. Ilikuwa inamtembelea kila mwaka, hukaa siku mbili tatu, kisha humwachia. Leo ilikuja na kukaa kabisa.

Ukweli ulikuwa hivi. Dada alishona vifungo thelathini na sita mgongoni mwa lile gauni, kila kimoja akakivisha kitambaa kwa mkono. Ilimchukua siku nne. Asubuhi ya kupiga picha ya mwisho, malkia akaamka na tumbo la kuendesha. Ndiyo, malkia. Alikimbilia chooni mara tatu kabla ya saa nne, na kila safari ilikuwa vifungo thelathini na sita kufunguliwa, thelathini na sita kufungwa, huku mwongozaji akipiga kelele kwamba jua linampita.

"Tutamfunga tu," Dada alisema. "Hata mara kumi." Kisha akaenda kupiga pasi shela ya kichwani.

Fundi alikuwa na miaka ishirini na mitano na hamu kubwa ya kusifiwa. Dada alipogeuza mgongo, alivikata vifungo vyote kwa mkasi, akang'oa zipu ya jaketi lake mwenyewe, akaishona gaunini kwa cherehani, akaifunika kwa ukanda wa mahameli. Dada aliporudi na shela, malkia alishapanda jukwaani na mwongozaji alikuwa anamshika Fundi bega, anamwita kijana wa maana kwa kumwahisha malkia, bila kuuliza amefungwaje. Dada hakuweza kusimamisha kazi. Malkia alipopiga magoti, ukanda ukafunguka, na katika shughuli ile hakuna aliyeona.

Waliona miezi miwili baadaye, filamu iliposafishwa. Jukwaa lilishabomolewa, mwigizaji alishasafiri. Mwongozaji akaja chumba cha ushonaji, uso umemwiva.

"Nani aliweka zipu?"

Dada alikuwa chini, anapima pindo, pini zimemjaa mdomoni. Fundi alisema, "Dada." Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, lakini hakulirudisha, na hilo ndilo lililomla maisha yake yote. Dada alimwinulia macho. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, akainuka, akachukua mkoba. Mke wa Fundi alikuwa na mimba ya kwanza wakati ule. Labda Dada alifikiria hilo, labda hakufikiria. Fundi hakuwahi kumuuliza. Dada alishona sare za shule miaka thelathini, yeye akashona harusi, wakaendelea kula meza moja kama watu wasiodaiana neno.

Ukumbini, malkia alianza kupanda ngazi. Watu wakaanza kucheka kabla ya wakati. Zipu ilipotokea, ukumbi ulilipuka kwa vifijo na miluzi. Fundi alimtazama Dada kwa pembe ya jicho. Hakuwa akitazama zipu. Alikuwa anautazama mshono wa mabega, kazi ya mkono wake mwenyewe, umekaa bila kasoro, na ukumbi mzima hakuna mwingine aliyeutazama. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Taa zikawashwa. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kumeremeta, akamwita jukwaani.

"Fundi Malkia, tupe siri leo. Dada yako alikuwa anawaza nini siku ile?"

Wakacheka. Fundi alisogelea kipaza sauti. Alipiga moyo konde.

"Si Dada," akasema. "Niliiweka mimi. Nikamsingizia yeye, akafukuzwa kazi."

Fundi alisikia feni za darini zikizunguka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini kifua chake kikawa chepesi. Kisha mshereheshaji akamkumbatia.

"Mnaona undugu huo? Mpaka leo anamkingia dada yake kifua."

Watu wakainuka wote, wakapiga makofi. Mama mmoja safu ya mbele alifuta machozi. Fundi akasema, "Sikilizeni, nasema kweli," lakini kipaza sauti kilishakwenda, na mikononi akapewa shada la maua. Alikwenda kuvua sifa, akarudi amevishwa kubwa zaidi. Alishuka ngazi na maua yake, amejaa aibu hadi masikioni.

Binti alimpokea akicheka na kulia kwa pamoja. "Mjomba, hukuwa na haja. Sisi tulishazoea."

Dada alikuwa ameshachukua mkoba, anaelekea nje. Fundi alimfuata, akamkuta kwenye korido, karibu na tangazo kubwa la filamu ambako watu walikuwa wanapigana picha.

"Dada. Umesikia nimesema."

"Nimesikia. Umewaambia watu mia tatu."

"Hawakuniamini."

"Hao si kitu. Mimi hujaniambia."

"Lakini wewe unajua, Dada. Siku zote ulijua."

"Najua." Alimwonyesha kwa kichwa binti yake, aliyekuwa anakuja nyuma yao akifuta miwani. "Huyu hajui. Nilimlea anacheka na wanaonicheka. Mwambie, na mimi nisikie."

Fundi aliliweka shada chini, akaegemea ukuta. Alianza na chooni, mara tatu kabla ya saa nne, na binti akatabasamu, kwa sababu ilianza kama kichekesho. Akasema mkasi. Akasema jaketi. Alipofika kwa mwongozaji na swali lake, tabasamu lilikuwa limeisha, na alilijibu swali lile kwa sauti ileile ya zamani, neno lilelile moja, ili mtoto asikie lilivyosemwa.

Binti alimgeukia mama yake. "Mama, huyu anasema kweli?"

"Mwache amalize," Dada akasema.