Jina la Baba Mkwe

Nilipoolewa kule Tukuyu nilifundishwa kumkwepa baba mkwe. Akija njia hii, mimi naingia migombani. Jina lake silitamki, wala neno linalofanana nalo. Mchungaji anasema hayo yamepitwa na wakati, huu ni mwaka wa hamsini na tatu. Mchungaji haishi na mama mkwe wangu.

Sasa niko Nyololo, mvua inanyesha. Lori letu la kwenda Iringa, lililojaa Wanyakyusa wenzangu, limekatika springi, na mwanangu Lusia, aliyeshikwa na degedege tangu Chimala, ameshikwa tena. Mwenye gari hapa ni mmoja tu, Mzee Kalinga, Mhehe. Yeye na baba mkwe walikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, pamoja vitani kule Bama, wakila sahani moja. Nyumbani tumeambiwa: ukikwama njia ya Iringa, mtafute Kalinga, mtajie jina tu. Mtajie jina! Aliyepanga hivyo bila shaka ni mwanamume.

Napiga hodi. Anatoka na koti la jeshi mabegani.

"Kamwene, baba. Nisaidie gari, mtoto anakufa. Mimi ni mkwe wa rafiki yako wa Bama, Mnyakyusa."

"Yupi?"

"Mlikuwa naye Keya."

"Wanyakyusa walikuwa wengi Keya. Juzi kaja mmoja na maneno hayahaya, akaondoka na baiskeli yangu. Nani huyo?"

"Mume wangu ni Yotamu, anafanya kazi Iringa."

"Yotamu simjui. Baba yake nani?"

Nina hasira mpaka machozi yanatoka. Ndugu, marafiki, wema wote wa ukoo wangu uko nyuma ya neno moja, nami ndiye niliyekatazwa kulisema.

"Basi niambie sura yake ikoje," anasema.

"Sijawahi kumtazama usoni, baba."

Ananikazia macho kwa muda. Nadhani ananidharau.

"Jina, binti. Nakuuliza mara ya mwisho."

Lusia anajikaza mgongoni mwangu, meno yanasagana. Nafumba macho.

"Asukile."

Nafumbua macho nikitarajia kumwona akikimbilia funguo. Hajasogea. Uso wake umeshuka.

"Nilishaanza kukuamini," anasema taratibu. "Nimelala na Asukile handaki moja, akanisimulia mila zenu zote. Hujui sura yake, nikasema huyu ni wa kwao kweli. Kumbe mmefundishana. Mkwe wa Asukile angekufa kabla ya kulitaja jina hilo."

Anafunga mlango. Nasikia komeo likiingia.

Ningekufa mimi, sawa. Lakini anayekufa ni Lusia! Naupiga mlango kwa ngumi, naliita jina hilo kwa sauti yangu yote, Asukile, Asukile, na Wanyakyusa wenzangu kule kwenye lori wanageuza nyuso zao wasinione.